Tembe na Pembe

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba maumivu ni kitu chenye mwili, kitu ambacho ukibahatika unaweza kukiona kwa macho. Ilikuwa miaka ya hamsini, tukiishi kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, mjini Nakuru, ambako Baba alikuwa fundi wa injini. Mama alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini, akarudi nyumbani amejikunja, akitembea kwa kushika ukuta.

Nesi alimpa tembe za maumivu na onyo: asipokohoa na kutembea, kifua kitajaa. Onyo hilo halikuwa mchezo. Jirani yetu mmoja alipasuliwa kabla yake, akaogopa kukohoa, akarudishwa hospitalini kwa ajili ya kifua na hatukumwona tena. Mama naye, kila kikohozi kilipomjia, alifumba macho akakimeza. Niliogopa sana.

Siku moja nikitandika kitanda nilikuta tembe zote zimefungwa kwenye pindo la leso chini ya godoro. Hakuwa amemeza hata moja. Watu wa kwetu walisema dawa ya hospitali hulaza maumivu tu, haiyatoi. Nayo yakilala ndani muda mrefu, huamka yamenenepa. Mama alikwenda kanisani kila Jumapili na kumwamkia daktari kwa heshima zote, lakini neno hilo aliliamini kuliko alivyomwamini nesi.

Sikumwambia Baba. Nilimwambia Kukhu, yaani nyanya yangu, mama yake Baba, aliyeshuka asubuhi hiyo kutoka gari moshi la Butere akiwa na kuku, mkungu wa ndizi na pembe fupi ya ng'ombe. Pembe hiyo ilikuwa ya kuumikia. Unachanja ngozi kidogo kwa wembe, unaikandamiza pembe hapo, unafyonza hewa kwenye tundu la nchani na kuliziba kwa nta, nayo inavuta damu. Jina lake jingine ni chuku. Baadaye, nilipofunzwa shuleni kwamba kupiga chuku ni kutia maneno chumvi, nilicheka peke yangu darasani, maana Kukhu aliyaweza yote mawili.

Aliketi kando ya kitanda, ile leso mapajani mwake.

"Mama Nekesa," alimwita Mama kwa jina langu, "hizi hujakula kwa nini?"

"Mama, hizo zinalaza tu. Mimi nataka yatoke."

Nilingoja amgombeze. Kukhu aliitikia kwa kichwa, akamwonyesha yule kuku aliyefungwa miguu mlangoni.

"Na huyu akinitoroka saa hii, tutamshika saa ngapi?"

"Usiku," nikadakia mimi. "Akishalala."

"Ehe. Kitu kikiwa macho kinakimbia. Wewe kilaze kwanza, halafu mimi nitakishika."

Mama akanyoosha mkono. Alimeza tembe kwa uji. Kukhu hakuwa na haraka yoyote. Alimenya ndizi, akaziinjika, akasimulia habari za nyumbani na nani kagombana na nani, mpaka uso wa Mama ukalegea. Ndipo alipomgeuza taratibu na kubandika pembe kiunoni, mbali na kidonda.

"Mbele daktari amefunga mlango," alisema. "Mimi napitia wa nyuma."

Pembe ilipobanduliwa nilichungulia ndani kabla hajaimwaga.

"Kukhu, maumivu ndiyo hayo?"

"Umeona nini?"

"Damu."

"Basi bado hujaona vizuri."

Jioni hiyo Mama alijikandamiza mto tumboni, akakohoa. Alilia, kisha akakohoa tena. Ikawa hivyo siku zilizofuata, tembe kwanza, halafu kungoja, halafu pembe, hadi alipokwenda mwenyewe bombani na wanawake wa landi wakampigia vigelegele. Nesi alisema ni tembe. Majirani walisema ni pembe.

Siku ya kurudi kwake, Kukhu aliniita nyuma ya nyumba. Magoti yalikuwa yakimsumbua, akauliza kwa sauti ya chini kama zile za mama yangu zimebaki. Nilimletea. Alizitumbukiza ndani ya pembe, akaiziba kwa kitambaa.

"Lakini Kukhu, hizo si zinalaza tu?"

"Kwani nani amekwambia mimi sitaki kulala?"

Sasa nimeupita umri wake wa siku ile, na magoti yake nimeyarithi. Kwa miaka mingi nilitaka kujua ni kipi kilichomponya Mama, na kama Kukhu mwenyewe aliiamini pembe yake. Nadhani aliiamini. Nadhani aliziamini na tembe pia, wala hakuona ugomvi kati yao. Alichokiogopa ni kumzika mke wa mwanawe, na kwa hilo angetumia chochote kilichokuwa mkononi, hata kuku.

Mwishowe ni Mama aliyemzika Kukhu, miaka mingi baadaye, naye akanikabidhi ile pembe. Nilitaka kuchungulia ndani kama zamani, lakini nilipoitikisa nikasikia kitu kikigonga. Nilitoa kitambaa, ikaniangukia kiganjani tembe moja, imegeuka manjano kwa kukaa.