Mume Akimbie, Mke Aendeshe

Felista alilisoma tangazo akiwa ameshikilia baiskeli kwa mkono mmoja, mikungu mitatu ya ndizi ikiwa bado imefungwa nyuma kwenye keria. Lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa duka la mbolea pale sokoni Tukuyu: DUATHLONI. MBIO MBILI KWA PAMOJA. KUKIMBIA NA BAISKELI. WOTE MNAKARIBISHWA. Akalisoma tena, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: ni mbio za watu wawili, mmoja anakimbia, mwingine anaendesha. Jioni alipofika nyumbani Ikuti akamwambia mumewe, "Baba Tulia, nimetuandikisha."

"Kwenye nini tena?"

"Mashindano. Wewe utakimbia, mimi nitaendesha."

Gidion alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mara ya mwisho kukimbia mashindano alikuwa darasa la saba. Tangu hapo alikuwa akikimbia mvua tu. Lakini mkewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipeleka ndizi mjini kwa baiskeli yake ya Phoenix, kazi ambayo pale kwao hufanywa na wanaume, na wale waliomcheka mwanzoni ndio siku hizi wanaompisha njia. Basi wiki mbili nzima Gidion akawa anaamka alfajiri na kukimbia katikati ya mashamba ya chai, wachumaji wakimwuliza kinachomkimbiza ni nini.

"Mke wangu," aliwajibu bila kusimama.

Tangazo lilisema saa moja kamili asubuhi. Saa moja kamili uwanjani walikuwapo washiriki kama thelathini, ng'ombe wawili na ukungu. Mwandaaji, kijana wa Ibighi aitwaye Baraka, alifika saa tatu na nusu juu ya bodaboda, amekumbatia kipaza sauti ambacho betri yake ilikuwa inakata roho. Namba ziliandikwa palepale kwa kalamu ya wino mzito. Felista akapewa kumi na nne. Kaka mmoja wa Kiwira mwenye ndevu naye akapewa kumi na nne.

"Na namba ya mume wangu?" aliuliza Felista. "Yeye ndiye anayekimbia."

"Hapana, mama. Hapa kila mtu anakimbia mwenyewe na kuendesha mwenyewe. Mbio mbili ni michezo miwili, siyo watu wawili."

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika 'kwa pamoja'."

Baraka akalitazama tangazo lake, lililobandikwa pia getini, kama analiona kwa mara ya kwanza.

"Sheria zenu ziko wapi?" Gidion akadakia.

"Ziko kwenye simu, mzee. Ila simu imeisha chaji."

Watu wakaanza kucheka. Baraka akajikuna kichwa, akaangalia baiskeli moja waliyokuja nayo wale wawili, akasema, "Haya. Mume akimbie, mke aendeshe. Lakini mwishoni kuna kukimbia tena, mizunguko miwili ya uwanja."

"Hapo tutakimbia wote," alisema Felista.

Mbio za kwanza zilizunguka mitaa ya Ibighi. Mishale ya chokaa iliyochorwa jana yake barabarani ilikuwa imeoshwa yote na mvua ya usiku, kwa hiyo wakimbiaji waliondoka kundi moja wakarudi kutoka pande tatu. Gidion alitokea nyuma ya kanisa, jasho linamtiririka, akampiga mkewe begani kama walivyokubaliana.

"Umekimbia yote?"

"Nimekimbia yote, na nyingine ambazo hazikuwamo!"

Felista akakaza kitenge kiunoni, akapanda. Safari ilikuwa ni kwenda Isongole na kurudi, na tangazo lilidai ni kilomita kumi na mbili. Yeyote aliyewahi kupanda gari la Mbeya anajua kwamba Isongole haiko jirani namna hiyo. Baadaye Baraka alikiri kwamba alipima njia kwa bodaboda ambayo mita yake ilikufa zamani.

Vijana wenye nguo za kubana na baiskeli za gia walimpita mapema. Hakujali. Baada ya Kiwira barabara ilipoanza kupanda kwa hasira, alishuka akasukuma kama kawaida yake, na hakuona aibu, maana wenye gia nao walikuwa wanasukuma. Kisha akaanza kukutana na wanaorudi.

"Geuka, mama!" mmoja alipiga kelele. "Kilomita zimeshatimia!"

"Tangazo limesema Isongole," alijibu, akaendelea kupanda.

Isongole alikaribishwa na mvua na baridi ya kuuma masikio. Kijana mwenye bendera, ambaye ndiye alama ya kugeukia, hakuonekana. Kando ya barabara, chini ya turubai, alikaa mama mtu mzima aliyekuwa akiuza viazi, jina lake Tupokigwe.

"Ugonile, mama," Felista alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

"Niko mashindanoni. Hukumwona kijana mwenye bendera?"

"Alikuwapo. Mvua ilipoanza akapanda bodaboda akaenda zake. Bendera hii hapa." Ilikuwa imefunika debe la viazi.

"Sasa watajuaje kwamba nilifika?"

Mama Tupokigwe akafikiri, akachagua kiazi kimoja kikubwa chenye udongo mweusi bado mbichi, akampa. "Waoneshe hiki."

"Ndaga fijo," alishukuru Felista, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

Alikuwa ameanza tu kushuka alipomwona msichana amekaa kwenye mtaro, amekumbatia magoti, baiskeli yake ya matairi membamba imelala pembeni. Alijitambulisha kuwa Monica, kutoka Mbeya. Alikuwa amefika Isongole mbele ya wanawake wote, kisha akapata pancha, na gari la msaada lililoahidiwa halikuwahi kuonekana. Felista akashuka. Pampu, gundi na viraka havikosekani kwenye mfuko wake wa tandiko. Asiye navyo hafikishi ndizi sokoni.

"Mama, utapoteza nafasi yako," Monica alisema kwa wasiwasi.

"Nafasi ya ngapi? Mimi hata sijui nani yuko mbele. Shika hapa."

Dakika ishirini baadaye wakashuka pamoja. Na hapo ndipo Felista alipofurahi kuliko siku zote za mwaka ule. Alizoea kuteremka na mzigo unaomsukuma mgongoni. Leo baiskeli ilikuwa nyepesi kama unyoya. Mvua ilikatika, mlima Rungwe ukajitokeza mkono wa kushoto, na yeye akawapita vijana wawili waliotoka Isongole kama wao, waliokuwa wakibana breki kila kona, akipiga kengele na kucheka peke yake.

Uwanjani walikuta mechi ya mpira imeanza. Baraka hakuwa ameuomba uwanja zaidi ya saa sita mchana. Gidion, aliyekuwa akisubiri getini tangu asubuhi, alimshika mkewe mkono wakaingia na Monica. Watazamaji walikuwa wamejaa pembeni, kwa hiyo wakalazimika kukimbia ndani ya mistari. Refa akapuliza filimbi, mshika kibendera akawafukuza, na watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia goli. Nyuma ya nyavu Baraka alikuwa amenyoosha mikono yake miwili iwe utepe wa kumalizia, kwa sababu utepe wenyewe haukuonekana.

Waliogeuka njiani bila kufika Isongole walikuwa wamekwisha kujitangaza washindi. Felista akafungua pindo, akatoa kiazi.

"Kiazi hata sokoni kipo!" mmoja akapinga.

"Nilikuwa naye Isongole," Monica alisema. "Wewe ulikuwa na nani?"

Baraka, sauti imemkauka, akatangaza kwamba waliofika Isongole walikuwa wanne tu, na wote wanne ni washindi. Medali, alisema, zilikuwa bado zimekwama Mbeya.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugomba. Walikula wali na maharage kwa mama ntilie, Monica akiwalipia kwa nguvu. Gidion alipojaribu kusimama, miguu ikakataa. Felista akamsaidia kukaa kwenye keria, wakashika njia ya Ikuti taratibu, na kila waliyekutana naye Gidion alimpungia mkono akisema, "Tumeshinda!"