Jani la Sale Mlangoni kwa Babu Zefania

Nilipokuwa mtoto sikuweza kuona kitu chenye sura nzuri nikakiacha bila kukichapa. Nasema kuchapa, siyo kuchora. Kuchora sikujua kabisa. Ng'ombe wangu walifanana na meza. Kuchapa nilijifunza kwa fimbo, tena fimbo ya halali, siku niliporudi nyumbani na shati la shule lenye madoa ya utomvu wa mgomba. Mama alilifua kwa sabuni, akalifua kwa ndimu, akalianika juani, wapi. Aliyekulia kwenye migomba anajua: utomvu ukidondoka huuoni, ni maji tu. Kesho yake unakuwa kahawia, baadaye unakuwa mweusi, na hautoki mpaka nguo iishe. Mama aliona hasara, mimi nikaona wino wa bure, na tangu siku hiyo sikutulia.

Tulikuwa tunaishi na Babu na Bibi kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye kahawa chini na migomba juu yake. Nilikuwa nakata mgomba mchanga, nakinga utomvu kwenye kifuniko cha kopo, naupaka kwenye jani kwa kitambaa, kisha nalikandamiza jani juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nilijaribu kuchanganya na masizi ya sufuria nikaacha. Utomvu mtupu ulikuwa bora, kwa sababu picha ilikuja yenyewe, polepole, wakati mimi nimelala.

Bibi hakuwa na neno na mchezo huo. Majani ya kahawa, ya mparachichi, ya maboga, chapa utakavyo. Jani moja tu ndilo alilonikataza, nalo ni sale.

Kwetu sale siyo ua la kupamba. Ni mmea mrefu wenye majani membamba, unapandwa mipakani na makaburini, ili aliye hai ajue shamba lake linaishia wapi na aliyekufa asisahaulike alipolala. Na ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la mmea huo, unalipiga fundo, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Wazee walisema mtu halikatai sale akabaki salama.

"Hilo usilichezee," Bibi aliniambia, akaninyang'anya jani mkononi.

"Kwa nini, bibi? Ni jani tu."

"Sale halitumwi bila neno. Ukilituma bila neno litaokota la kwake huko njiani, na neno linalozagaa njiani ni kifo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Methali haikutuambia kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine.

Chini ya kihamba chetu alikaa mdogo wake Babu, Babu Zefania. Wazee hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu kabla sijazaliwa. Chanzo kilikuwa masale ya mpakani. Kijiji kizima kilijua kwamba Babu yangu aliyang'oa akayapanda tena upande wa ndugu yake, akajiongezea mistari kadhaa ya kahawa. Babu naye alijua kwamba kijiji kinajua, na hilo likamfanya awe mgumu zaidi. Kanisani mmoja akikaa benchi la mbele, mwingine anatafuta la nyuma. Sisi watoto hatukuhusika. Njia ya kwenda mferejini ilipita uani kwa Babu Zefania, na tulikuwa tunamwamkia vizuri, naye anaitikia vizuri.

Mwaka huo aliweka mlango mpya. Ulikuwa wa mbao za mgrevilea, umepigwa randa ukawa laini, haujapakwa rangi. Nilipita na ndoo yangu nikasimama mbele yake kama mtu aliyeona chakula. Karatasi ya saruji ni mbaya, ina mikunjo na vumbi. Huu mlango ulikuwa ukuta wa ndoto zangu, na jani la kahawa halikuustahili. Jani lililoustahili lilikuwa refu, lenye mishipa iliyonyooka. Nilichagua siku ambayo hapakuwa na mtu nyumbani, nikachuma sale, na nikalipiga fundo. Fundo nililipiga kwa sababu nilikuwa nimewaona wakubwa wakifanya hivyo, na kwa sababu lilikuwa zuri. Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote. Nilipolibandua sikuona kitu zaidi ya unyevunyevu, nikasema mbao imekataa, nikaendelea na safari ya maji.

Mbao haikukataa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee wa kanisa walikuwa uani kwetu wanakunywa chai. Babu Zefania akatokea kwenye migomba, amevaa koti, na mkewe nyuma yake amebeba kibuyu cha maziwa mgando. Alikuwa amekonda. Watu wazima walijua kwamba hospitali ilimrudisha nyumbani bila matumaini, sisi watoto tulijua tu kwamba koti limekuwa kubwa. Alisimama mbele ya Babu akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Kaka, nimeliona sale mlangoni kwangu. Nimelipokea."

Babu alibaki na kikombe mkononi.

"Mke wangu alitaka kulisugua, nikamkataza," Babu Zefania akaendelea. "Limeingia mpaka ndani ya mbao. Halitoki tena. Nikasema, mtu aliyeomba hivi ameomba kweli. Sijui umelichapaje, kaka, lakini ni kazi nzuri."

Babu aliweka kikombe chini. Akainuka. Akavua kofia yake, na sijawahi kumwona akiivua mbele ya mtu yeyote isipokuwa kanisani. Naikumbuka kofia ile mkononi mwake kuliko ninavyokumbuka sura yake.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesikia maneno mawili tu: kazi nzuri. Maisha yangu yote hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilijitia kimbelembele, nikapita katikati ya wazee.

"Ni mimi, babu! Nimechapa mimi! Kwa utomvu!"

Nilikimbia ndani kuleta karatasi zangu za saruji wazione nyingine. Niliporudi nazo kifuani, hakuna aliyezitazama. Mzee mmoja wa kanisa alicheka, kicheko kifupi cha kupaliwa na chai. Babu alikuwa amerudisha kofia kichwani.

"Haya," alisema Babu Zefania. Akageuka.

Bibi alimsogelea Babu. "Mfuate."

"Nimfuate niseme nini? Kwamba nimetumwa na mtoto?"

Mkewe Babu Zefania alikuwa ameshakiweka kibuyu kwenye kizingiti chetu. Alipiga hatua chache kumfuata mumewe, akasimama, akarudi, akakichukua. Hakututazama. Nimeona mambo mengi ya kusikitisha tangu siku ile, lakini yule mama akirudi kuchukua maziwa yake ndiye anayenijia nikiwa peke yangu, na bado natamani ardhi inifunike.

Babu Zefania alikufa kahawa ilipoanza kuiva. Jeneza lilitolewa kupitia mlango ule ule, na waombolezaji wote walipita mbele ya jani langu, sasa jeusi, na fundo lake linaonekana hata ukiwa mbali. Watoto wenzangu walininyooshea vidole. Kaburini, Babu aliposogea ili atupe udongo, Elibariki, mtoto mkubwa wa marehemu, alimshika kiwiko kwa adabu.

"Baba mkubwa, wewe kaa huku na wageni."

Babu alikwenda kukaa na wageni. Kaka wa marehemu, kwenye turubai la wageni, kofia magotini. Nilisimama karibu na Bibi nikisubiri aniambie kwamba alinionya. Hakusema, siku ile wala baadaye, mpaka alipofariki. Angesema labda ningelia yakaisha. Shuleni walinipa jina la Sale, na niliitikia, kwa kuwa niliona ni haki yangu.

Je, ni jani lililomuua? Siamini. Alikuwa na ugonjwa tumboni na daktari alishasema. Lakini kuna usiku mmoja mmoja nasikia maneno ya Bibi kuhusu sale lililotumwa bila neno. Mimi ndiye niliyelituma, na neno lililofuata ndilo lile alilolitaja.

Leo nina chumba cha kazi Moshono, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na riziki yangu inatokana na mchezo ule ule ulionipatia fimbo. Kwa muda mrefu niliwachapia watalii twiga na mlima. Kisha Babu naye akafariki, bila kusema na kizazi cha mdogo wake, na mikono yangu ikawakataa twiga. Nilinunua mabaki ya mbao kwa fundi wa majeneza, nikayapiga randa, nikayachapa majani ya sale yenye mafundo kwa utomvu mtupu. Siku ya kufungua maonyesho mjini, mbao zilikuwa kama hazina kitu. Watu walizunguka ukumbini wakidhani bado sijamaliza kutundika. Siku zilivyokwenda majani yakaanza kujitokeza. Nilitaka watazame kifo kinavyokuja: kipo tayari, ila macho hayajakiona. Walipenda. Waliniuliza njia niliyotumia, nami nikawaeleza kwa raha zangu, mpaka nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa ile ile ya kukimbia na karatasi kifuani. Uso uliniwaka, nikaomba udhuru nikatoka nje.

Siku ya mwisho, majani yakiwa yamekolea, baba mdogo Elibariki aliingia ukumbini. Amekuwa mzee. Sijui nani alimwambia. Tangu mazishi ya baba yake tulikuwa tukipishana misibani bila kusemezana.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Alizunguka taratibu, akasimama mbele ya ubao mkubwa kuliko yote.

"Hili nalo umechapa wewe?"

Nikasema, "Ndiyo. Na lile la kwenu pia. Naomba unisamehe, baba mdogo. Nilimdanganya Babu Zefania, akaja kwetu kuaibika bure."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Hukumdanganya."

"Alidhani limetoka kwa Babu yangu."

"Pembeni ya jani palikuwa na kiganja." Akanionyesha ukubwa wake kwa vidole viwili, mdogo mno. "Kilitokea pamoja nalo. Mimi mwenyewe nilimwonyesha asubuhi ile. Nikamwambia, baba, huu ni mkono wa yule mtoto wa kule juu. Akasema, naona. Akaniagiza koti lake."

"Alijua?"

"Alikwenda akijua. Alisema kaka yake hataweza kulileta mwenyewe hata akiishi miaka mia, na yeye hana muda huo. Basi limeletwa. Nani atauliza limeletwa na nani?"

Hakukaa sana. Aliniombea heri na kazi, akasema ana safari ya kurudi kabla ya mvua, na nikamsindikiza hadi getini.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimezoea aibu yangu ya kumpumbaza mzee mgonjwa. Kumbe sikuwahi kumpumbaza. Ile sauti ya juu, zile sifa za kazi nzuri, vyote alikuwa akimpa kaka yake, mbele ya mashahidi, ili apate mahali pa kupita. Na Babu alimwelewa, ndiyo maana alivua kofia. Nadhani hata wazee wa kanisa walielewa, pamoja na yule aliyecheka. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Babu Zefania alilihitaji kwetu sisi tuliokuwa pale uani, nalo lilikuwa kunyamaza. Wote waliliweza isipokuwa mimi.