Siku Niliyompandishia Kaka Ngazi

Kaka yangu alifundisha hisabati kwenye sekondari moja ya Iringa kwa miaka mingi, na kiharusi kilimkuta darasani, chaki mkononi. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, na maneno yakawa yanamjia kwa kuchelewa. Shemeji, mke wake, alinipigia simu akauliza kama kaka anaweza kuja kukaa kwangu Mbeya, awe karibu na kliniki ya mazoezi. Nikamwambia aje hata kesho. Nilikuwa naishi peke yangu mtaa wa Soweto, vyumba viwili na sebule vya kupanga kwa mama mmoja, na kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki.

Asubuhi nilikuwa nakwenda dukani Mwanjelwa, tunakouza mbegu na mbolea, naye anabaki peke yake. Kila nikirudi namkuta amelala. Nikaona nimfundishe mchezo uliokuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani. Unaanza na kijiji kidogo, wakulima watano na ng'ombe wachache. Unalima, unajenga ghala, unazungushia ukuta, unaandaa askari. Upande wa pili wa ramani kuna adui anayeongozwa na kompyuta, naye anafanya hivyo hivyo. Anayebomoa makao ya mwenzake ameshinda. Kabla ya kuanza unachagua ngazi: rahisi, ya kati au ngumu. Nilimwekea rahisi. Kwenye ngazi hiyo adui ni mvivu, anakuacha ulime na kujenga mpaka uchoke ndipo atume watu wawili watatu.

Mwanzoni alishindwa hata hapo. Mkono wa kushoto haukuzoea kipanya, akawa anawatuma wakulima mtoni badala ya shambani. Baada ya mwezi hivi, nilirudi nikamkuta amesimama mlangoni ananisubiri.

"Dogo, nimemchapa!"

Tulimpigia shemeji palepale. Kaka alimsimulia vita nzima, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakusimama katikati kutafuta neno.

Kuanzia hapo mchezo ukawa kipimo chake. Kliniki walikuwa na vipimo vyao, lakini yeye aliamini huo. Siku akishinda haraka, anakula vizuri, anatembea mpaka barabarani na kurudi bila fimbo. Akaanza kusema shule zikifunguliwa mwezi wa saba atarudi darasani.

Akili ilivyorudi, na ulimi ulirudi. Kaka alikuwa na namna ya kuongea na mimi kama mwanafunzi ambaye hajakusanya daftari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hilo hakuwahi kulisahau. Jioni moja tukila viazi na maharage, alinitazama akasema, "Unajua tatizo lako? Ukiona kitu kigumu unakimbia. Mimi nimeanguka na kiharusi na bado napambana. Wewe ulikimbia ukiwa mzima."

Nilitoa vyombo nikaviosha.

Asubuhi, wakati anaoga, niliwasha kompyuta nikabadilisha ngazi. Ya kati niliiruka, nikaweka ngumu. Mchezo wenyewe unaikumbuka ngazi ya mwisho, na kaka alikuwa anabonyeza pa kuanzia tu bila kuangalia pengine. Njiani kwenda dukani nilijiambia kwamba ameshaiva, anahitaji kusukumwa kidogo. Lakini nilijua. Nilitaka ashindwe mara moja tu, anyamaze.

Niliporudi, chai yake ilikuwa imepoa kikombeni.

"Wamekuja mapema," alisema.

"Akina nani?"

"Maadui. Sijafika hata nusu ya ukuta, wapanda farasi hao, wamejaa."

"Bahati mbaya tu. Kesho utawaweza."

Kesho yake wakamshinda tena. Siku ya tatu nilimkuta amefunga kompyuta, ameuweka mkono wa kulia juu ya paja anauangalia.

"Nimerudi nyuma, dogo," alisema. "Najua cha kufanya, lakini nachelewa. Kichwa kinachelewa."

"Ni mchezo tu, kaka."

"Wiki iliyopita nilikuwa nashinda mchezo huohuo."

Maneno yalikuwa mdomoni. Ningesema, "Siyo mchezo uleule, nimeubadilisha mimi," yangeisha. Lakini niliwaza atakavyoniangalia, na yale aliyoniambia mezani, na jinsi atakavyojua kwa nini. Nikaona njia nyepesi zaidi: asubuhi nitairudisha ngazi ya rahisi kimyakimya, atashinda, atasahau.

Niliirudisha kweli. Ila kaka hakuigusa tena kompyuta.

Siku hiyo nikiwa dukani, alimpigia shemeji akamwambia ampe mkuu wa shule taarifa kwamba atafutwe mwalimu mwingine. Mimi niliambiwa na shemeji mwenyewe. "Shemeji, kaka yako amekata tamaa. Hebu ongea naye, wewe anakusikiliza." Nikaongea naye. Nilimwambia kuhusu mazoezi, kuhusu dawa, kuhusu wanafunzi wake wanaomsubiri. Nilimwambia yote isipokuwa lile moja.

Akarudi Iringa. Darasa lake likachukuliwa na kijana aliyetoka chuo, yeye akawekwa stoo ya vitabu.

Ilinichukua miezi mitatu kupanda basi kumfuata. Nyumba yake iko juu, kwenye majabali. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kulia, taratibu. Tukasalimiana, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia. Aliendelea kupukuchua.

"Uliniweka ngazi gani?"

"Ngumu."

"Na ya kati?"

"Niliiruka."

Akatikisa kichwa. "Hata mwanafunzi ukimrusha darasa, unamwambia."

"Mimi mwenyewe nilishindwa pale wiki mbili nzima, kaka. Tena mikono yote ikiwa mizima."

Hapo mkono wake ukasimama. Kuku wakaja kudonoa punje miguuni pake.

"Ungeniambia ni ngumu," alisema, "ningejua napambana na nini. Mimi nilidhani napambana na kichwa changu."

Nilimwomba msamaha. Nilimuuliza kama hawezi kumwona mkuu wa shule, aeleze, arudi.

"Nieleze nini? Nafasi ina mtu. Na mimi sasa naogopa ubao. Juzi mwanafunzi kaniletea swali stoo, la kidato cha pili. Nimemwambia nina kazi."

Nililia, mtu mzima. Hakunifukuza wala hakunibembeleza. Shemeji aliposikika akifungua geti, ametoka sokoni, kaka aliinama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Huyu usimwambie. Atakuchukia, na mimi nimechoka kupoteza watu."

Kesho yake kaka alinisindikiza mpaka getini tu, akasema nimsalimie mama mwenye nyumba wangu. Shemeji alikuja nami hadi stendi. Alikuwa amenifungia maharage ya mavuno mapya kwenye kitenge.

"Asante kwa kumtunza kaka yako," alisema. "Wengine wangemchoka."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Asante, shemeji," nikapanda basi.