Bafta ya Mayu Kabula

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu na tumboni nina chai ya rangi tu. Kama umezoea visa vya watu wanaotoka kilabuni wakaona vitu gizani, hiki si kimoja chao. Na nikwambie mapema kwamba nasimulia nikiwa na hasira. Mwaka umepita, hasira haijanitoka, na sioni kwa nini itoke.

Naishi Guangzhou, China, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kuwanunulia watu vitu. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Mwanza wananitumia picha kwenye simu, naingia sokoni, natafuta, nabishana bei, nakagua mzigo mpaka unapakiwa kwenye kontena. Wachina wa pale wananijua. Nikitokea tu, utawasikia wananong'onezana, maana mimi sinunui kitu kwa bei ya kwanza hata uniambie mtoto wako anaumwa.

Ujanja huo sikuufundishwa China. Alinifundisha Mayu Kabula.

Kwetu Usukumani mayu ni mama. Huyu hakunizaa. Alikuwa jirani yetu katika kijiji kimoja huko Bariadi vijijini, jina la kijiji nalimeza kwa sababu kesi bado iko mahakamani. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba. Kaka yangu Masanja alikuwa anachunga ng'ombe, baba hakujua hata kunisuka nywele. Mayu Kabula, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyenichukua. Alikuwa anauza karanga minadani, basi kila siku ya mnada tulikwenda wote kwa miguu. Akininong'oneza: "Kitu ukikipenda, kitazame kama kimekuudhi." Akishika sufuria, akiigonga, akiirudisha chini kwa dharau, anaondoka. Hatua nne, muuzaji anamwita. Mimi nacheka mpaka naumwa mbavu.

Sasa sikiliza habari ya ndugu. Tangu niende China, simu yangu haipumziki. Niletee simu kubwa. Niletee viatu, namba arobaini na mbili. Niletee wigi, lakini lisiwe kama la mwaka jana. Masanja peke yake alitaka pampu ya maji, spika na saa inayopima mapigo ya moyo. Mayu Kabula hakuwahi kuomba kitu, isipokuwa mara moja. Alishika simu ya Masanja akaniambia: "Mwanangu, macho yananiwasha. Moshi wa jiko umeniharibu. Huko hakuna miwani ya kuzuia jua na moshi?"

Nikamwambia ipo, nitakuletea. Nikaja likizo, nikasahau. Nikaja tena, nikasahau. Pampu ya Masanja sikuisahau. Unaona ninavyoanza kukasirika? Na hapo namkasirikia huyu anayesimulia.

Safari ya tatu nikasema hapana, safari hii naanza na ya mama. Nikaenda soko la miwani, ghorofa tano, miwani mitupu. Muuzaji, mama mmoja mnene, akanionyesha ya mitindo, mikubwa kama vifuniko vya chupa ya chai. Kichina changu ni cha sokoni, neno la moshi silijui. Nikachuchumaa katikati ya duka, nikajifanya napuliza kuni, nakohoa, nafuta machozi, nakunja mgongo kama bibi. Watu wakajaa mlangoni. Yule mama akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na miwani ya rangi ya kahawia yenye kuziba hadi pembeni. Akanionyesha picha ya mama yake kwenye simu, kizee cha kijijini, amekaa mbele ya jiko la kuni. Siku hiyo sikubishana bei. Ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho.

Nikaja nyumbani bila kumwambia mtu. Nilitaka niwashtukize. Nilishuka Bariadi mjini jioni, nikalala gesti ya Somanda, na kesho yake nikaenda mnadani Kasoli, maana siwezi kufika nyumbani na vitu vya China tu, bila sukari, bila chumvi, bila dagaa wa Lamadi.

Mnada ulikuwa umejaa. Ng'ombe upande ule, mitumba upande huu, vumbi, spika za wauza dawa ya mende. Muuza dagaa akaniangalia viatu, akataja bei ya wageni. Nilikuwa navuta pumzi nimpe maneno yake, nikasikia nyuma yangu:

"Mwadila, ng'wanawane. Huyo mwizi, mwache."

Yaani habari za mchana, mwanangu. Niligeuka. Mayu Kabula! Mfupi vilevile, macho mekundu vilevile, amevaa gauni la maua, na kanga amejifunga shingoni, kaizungusha mara mbili na lile jua la saa saba. Nikamkumbatia, nikaruka naye. Alikuwa mwepesi sana, na wa baridi kama mtungi. Nikafikiri mama amedhoofika. Wewe ungefikiri nini? Ukimwona mama yako mnadani, utaanza kumkagua kama yuko hai?

"Mayu, nani kakwambia nimekuja?"

"Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Njoo, kuna kitu nataka uninunulie."

Hapohapo nikafungua mkoba nikamvalisha miwani mwenyewe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, taratibu, kama mtu anayehesabu nani amekuja na nani hakuja.

"Wabeja," akasema. Ahsante. "Sasa nawaona vizuri."

Akanishika mkono kama zamani, akanivuta hadi kwenye kibanda cha muuza vitambaa, kijana mtu wa Kondoa. Akapita vitenge, akapita madira, akaweka kidole juu ya jora la bafta, kile kitambaa cheupe.

Yule kijana akaniangalia. "Dada, hii ni bafta. Watu wananunua kwa ajili ya msiba. Mna msiba?"

"Hatuna," nikasema. Nikamgeukia. "Mayu, unajiwekea sanda? Umri wenyewe uko wapi?" Wazee wengi wanajiwekea, sikushangaa sana. Niliudhika tu.

"Nimechelewa kujiwekea," akasema. Akasimama wima mbele ya yule kijana. "Nipime."

Kijana akashika mita yake, akampima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Nilimwona akisita alipofika shingoni. Akataka kusogeza ile kanga ili apitishe mita. Mayu akamwambia, "Hapo paache." Akaacha. Akakata, akakunja, nikalipa, akanirudishia chenji bila kuihesabu.

"Nibebee," Mayu akaniambia. "Utaniletea nyumbani. Na ukifika, mwambie Masanja nimesema ang'oe ulimi wake mfukoni."

Nikacheka. Nikainama kupanga mifuko yangu. Nilipoinuka hakuwepo. Nilimtafuta kwa wauza karanga, kwa wauza kuku, hadi kwa waendesha bodaboda. Hakuna. Nikasema basi ametangulia, kizee hiki na haraka zake. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta Masanja amekaa nje, mkewe Limi anapepeta mahindi. Vigelegele, kukumbatiana, "umetushtua", "umenenepa". Masanja jicho kwenye begi. Ile spika, nadhani. Nikakaa, nikaletewa maji, nikasema: "Nimeonana na Mayu Kabula mnadani. Kanituma kwako, Masanja."

Ungo wa Limi ulianguka. Mahindi yakatapakaa, kuku wakaja mbio, hakuna aliyewafukuza.

Masanja akaniuliza, "Umeonana na nani?"

Nikarudia.

Basi nikaambiwa. Tena sikuambiwa na kaka yangu, niliambiwa na Limi, akilia, kwa sababu kaka yangu alikuwa anatazama miguu yake. Miezi mitano nyuma, wakati wa palizi ya pamba, mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Watu wakaenda kwa mganga mmoja wa ramli, ile ramli chonganishi. Mganga akawaambia mchawi wenu ni ajuza mwenye macho mekundu. Wakaitana wanaume, wakakaa kikao. Baada ya siku mbili wakaingia kwa Mayu Kabula na mapanga. Walimkata shingoni. Wakamzika ubavuni mwa shamba lake bila kumwosha, wamemzungushia turubai kuukuu la kuanikia pamba.

Macho mekundu! Mama aliyepikia kuni na mabua ya pamba miaka sitini katika kijumba kisicho na dirisha! Kila mwanamke wa kijiji kile anafuta machozi jikoni kila siku, na hao wanaume wanakula ugali unaotoka katika moshi huohuo, halafu wanauliza macho yamekuwaje mekundu!

Nikamuuliza Masanja, "Kwenye kikao ulikuwepo?"

Akainama kuokota punje za mahindi.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Sikushika panga."

"Ulisema nini?"

"Ningesema nini? Wangenigeuzia mimi."

"Alikulisha, Masanja."

"Najua."

"Na mbona hamkunipigia simu?"

Akasema, niamini, haya ndiyo maneno yake: "Ulikuwa mbali. Hatukutaka kukuvuruga."

Kukuvuruga! Miezi mitano! Katika miezi hiyo mitano alinipigia kila wiki. Alinipigia kuhusu spika. Alinipigia kuniambia saa iwe nyeusi, isiwe ya bluu. Nilipokuwa nikiuliza, "Hamjambo huko?" walikuwa wanajibu hatujambo, wote wazima. Wote wazima!

Sitakudanganya, nilipiga kelele. Nilichukua ile spika nikaitupa uani ikapasuka. Nilimwambia kaka yangu mambo ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa. Halafu nikatoa bafta kwenye mfuko, nikaitandaza mapajani pake. "Kaniambia nikuambie ung'oe ulimi wako mfukoni."

Hapo ndipo alipoisukuma ile bafta chini kama imemuunguza. Kumbe maneno hayo Mayu Kabula alishayasema. Siku ile ya mapanga mama huyo alikimbilia uani kwa Masanja, akagonga mlango, akapiga kelele: "Masanja, sema nao! Ulimi umeuweka mfukoni?" Masanja alikuwa ndani. Alisikia. Hakufungua. Hakuwahi kumweleza mtu, hata Limi, ambaye siku hiyo alikuwa kwao. Niambie basi, mimi wa Guangzhou maneno hayo niliyapata wapi?

Usiku huo kaka yangu hakulala. Kesho hakula. Siku ya tatu akavaa shati lake la kanisani akasema, "Twende." Tukaenda polisi, akataja waliokuwepo kwenye kikao, jina kwa jina, na lake akalitanguliza. Wanaume wanne walikamatwa, Masanja akafanywa shahidi. Mganga alishatoroka. Kaburi likafunguliwa kwa amri ya mahakama, daktari akafanya kazi yake, kisha tukaruhusiwa kumzika upya. Mimi na Limi tulimwosha. Wanawake wengine wawili wakaja, wazee, wakiangalia nyuma yao kama wezi. Nao macho yao mekundu. Ile bafta ilimtosha barabara, haikupungua wala haikuzidi.

Miwani sijaiona tena. Hatukuikuta kaburini, wala mtu yeyote hakuiokota mnadani. Usiniulize iko wapi.

Kabla sijarudi China nilipita Kasoli kumwona yule kijana wa Kondoa. Nilitaka kujua kama nimerukwa na akili. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Dada, yule bibi amepona kidonda?" Nikamuuliza kidonda gani. Akasema, "Cha shingoni. Kanga ilisogea kidogo nikakiona. Nilishindwa kuelewa anasimamaje." Nikamweleza. Akakaa chini palepale juu ya majora yake. Nasikia hauzi tena bafta, na mnada wa Kasoli amekwisha kuuhama.

Masanja naye amehama. Ndugu wa waliokamatwa walimchomea zizi. Sasa anaishi na familia yake kwenye chumba cha kupanga Lamadi, mtu aliyekuwa na ng'ombe thelathini anaanika dagaa wa watu. Akinipigia anasema, "Umeniharibia maisha." Baadaye kidogo anasema, "Lakini nalala." Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, naye kila inapotajwa anapanda basi kwenda Bariadi kutoa ushahidi. Sijamsamehe. Siku moja huenda nitamsamehe, lakini si leo, na asiniharakishe.

Mimi bado ninawanunulia wafanyabiashara, ndiyo kazi yangu. Orodha za ndugu nimezikataa. Nilimjibu binamu mmoja aliyetaka viatu: kwanza nitajie wazee wote wa mtaa wenu na hali zao. Akanizuia kwenye simu yake. Vizuri.

Wewe uliye mbali, Muscat, Johannesburg, popote unapobeba mizigo ya watu, nisikilize. Ukipiga simu nyumbani usiulize "hamjambo". Neno hilo halina macho. Taja jina. Mama fulani yuko wapi? Amekula? Mpe simu niisikie sauti yake. Wakikwambia amelala, subiri aamke. Wakikwambia ametoka, uliza ametoka na nani. Usikate simu mpaka umemsikia mwenyewe. Mimi nilikata, kila wiki, kwa miezi mitano, nikiwa nimeridhika.