Jiwe Nililolilamba Ukweni

Jamani, ipo aibu ambayo hata leo nikiikumbuka ulimi unanikauka, na kwa kuwa mmeniomba wenyewe nitaisema, ila asicheke mtu kabla sijamaliza.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nambebea nyundo bwana mmoja mpima miamba huko Geita, nikajifunza kwake kidogo (kidogo ndicho kinachomponza mtu). Basi nikaenda Shinyanga kumposa Kabula, na mshenga wangu Mzee Luhende. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake Kabula aliponitazama, akauliza, "Mtu mzima na ndevu zako, kazi yako kuokota mawe? Binti yangu atakula kokoto?"

Mshenga akanikanyaga mguu ninyamaze. Ninyamaze wapi! Nikaona jiwe la kijivu limeanikwa karibu na bafu la nyasi (mwenye akili angejiuliza hapo), nikalinyakua, nikawaambia hili si la huku, limetoka kwenye mlima uliopasuka kwa kishindo ukarusha moto na majivu, na vitundu hivi ni pumzi ya ule moto iliyonaswa jiwe lilipopoa. Nikaomba bakuli la maji, nikalitumbukiza, likaelea! Watu wakapiga makofi.

"Kweli, liliuzwa na mchuuzi wa mbali," baba mkwe akasema, "lakini kijana, jiwe hilo ni la..."

Sikumwacha amalize. "Mpimaji hasa huonja, baba," nikasema, maana bwana wangu aliyalamba mawe kila siku (la majivu hushika ulimi), nami nikalilamba, taratibu, ulimi wote.

Sasa, kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Mama yake Kabula alikuwa kajificha ndani, na sauti yake niliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza: "Mayu wee! Jiwe langu la kusugulia miguu!"

Mzee Luhende akajifunika uso kwa kofia. Baba mkwe akauliza polepole, "Haya fundi, ulimi umekuambia nini?"

Kwa hofu nikajibu ukweli. "Lina chumvi kidogo, baba."

Alicheka mpaka akadondoka kwenye kigoda, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonipa mke. Kabula alipoletwa kwangu alikuja na lile jiwe, kwa sababu mama yake alikataa kabisa kukanyaga kitu alicholamba mkwewe.

Nimeapa: jiwe nitalitazama, nitalipima uzito, hata majini nitalitia, lakini ulimi wangu ni wa ugali tu. Kabula ndiye asiyeniamini. Kila akitaka kusugua visigino hunisogezea kwanza: "Onja, fundi, kama chumvi imekolea."