Bunduki Yenye Komeo Kushoto

Baba yangu alikuwa mwindaji mwenye kibali. Alipokuwa na nguvu zake alishuka nyikani, chini ya milima yetu, akawinda pofu, wale swala wakubwa, na nyama ikapanda mlimani juu ya vichwa vya watu. Huku juu kijijini kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Shamba letu linapakana na msitu, na mwenye viazi karibu na msitu analima kwa ajili ya watoto wake na kwa ajili ya nguruwe pia. Waislamu na Walutheri wa kijiji chetu hawali chungu kimoja nguruwe anapouawa, lakini wote walimwita baba mashamba yalipofukuliwa.

Macho yake yalipoingia ukungu, bunduki ilibidi ipate mtu. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na hataki hata kuishika. Nilibaki mimi, binti aliyeachika na kurudi nyumbani kulima. Tulihangaika sana maofisini mpaka kibali kikaandikwa kwa jina langu. Wazee wa ukoo walinung'unika kidogo kwamba ni mwanamke, wakanyamaza. Lile jingine hawakulisema mbele yangu. Mimi ni mtu wa mashoto.

Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Mkono wa kumoso, kama tunavyosema Kishambaa, haupokei kitu kwa mkubwa, haugusi chakula, hausalimii. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinifunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, fundo likiwa nyuma ya kiwiko nisilifikie. Nilijifunza. Ninakula kwa kulia, ninaandika kwa kulia, herufi zikiwa zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini jembe nalishika kwa kushoto, na jicho langu linaloona vizuri ni la kushoto. Jicho huwezi kulifunga fundo.

Bunduki ya baba ilikuwa ya komeo, na komeo lake lilikuwa kulia kama bunduki zote nilizowahi kuona. Ukishafyatua, unainua kishikio cha komeo, unakivuta nyuma ganda litoke, unakisukuma mbele risasi nyingine iingie. Mtu wa kulia anafanya hivyo kitako kikiwa bado begani. Mimi niliiweka bega la kushoto, kwa hiyo kila baada ya risasi moja nililazimika kuiteremsha, nikavuka juu yake kwa mkono, nikahangaika nayo kama mtu anayefungua mlango akiwa amebeba kuni. Niliwahi kujaribu bega la kulia. Niliona mlima, sikuona shabaha.

"Risasi ya kwanza ikiwa nzuri, ya pili ya nini?" baba alikuwa akisema. Nikajifariji kwa maneno hayo.

Asubuhi moja ya msimu wa viazi, nguruwe walikuwa wamejificha kwenye magugu chini ya shamba la jirani yetu. Huyu jirani ninamwita kaka, ingawa hatuna udugu. Tumekua pamoja, na mkewe ninamwita wifi. Alisimama kwenye njia ya chini na panga lake ili nguruwe wasikimbilie huko. Baba aliketi juu, kwenye ukingo wa tuta, na fimbo yake, akisikiliza. Vijana wenye mbwa wakaingia magugu kwa makelele. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni.

Dume lilitoka upande wangu. Nilifyatua, likachechemea, nilikuwa nimelipiga pajani. Likageuka. Nikateremsha bunduki, nikavusha mkono, kishikio kikaniteleza kwa umande, nikakirudia. Nilipoiinua tena, dume lilikuwa limeshamfikia jirani, naye alikuwa katikati, kati ya mtutu wangu na mnyama. Sikuweza kufyatua. Niliona akinyanyuliwa na kuangushwa chini. Mbwa wakalivamia lile dume, kijana mmoja akalimaliza kwa mkuki.

Jambo la kwanza nililolisikia baada ya hapo lilikuwa sauti ya baba kutoka juu.

"Imekuwaje? Mbona mlio ni mmoja tu?"

Watu walikuwa wakimfunga jirani paja kwa kanga yangu, na damu ikipita.

Alilazwa hospitali ya Lushoto. Nilikwenda kumwona nikiwa na chupa ya chai ya maziwa na ndizi mbivu. Wodini walikuwapo wifi na mama mkwe wake, bibi mmoja mkali wa maneno. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikamimina chai. Sijui nilikuwa nikiwaza nini. Labda nilikuwa nikitazama bandeji. Nilimpa mgonjwa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Wifi alikiwahi kikombe kabla hakijafika. Alikichukua polepole tu, akakihamishia mkono wake wa kulia, ndipo akampa mumewe.

"Mkono ule ule," bibi alisema, akiliambia dirisha.

"Mama, aliyenijeruhi ni nguruwe," jirani akasema.

"Mimi nimesema nini? Nimesema mkono."

Nilitaka kuomba radhi, lakini niliona kwamba nikianza kusema nitalia, na mgonjwa ndiye atakayelazimika kunibembeleza. Niliaga. Nilipanda mlima kwa miguu, mkono wangu nikiwa nimeuficha ndani ya kanga, kama kwamba kila niliyepishana naye alikuwa ameambiwa.

Kijijini hawakunisema vibaya waziwazi, na hilo ndilo lililoniumiza. Waliacha kuniita. Nguruwe walipoingia shamba la mtu, nilisikia madebe yakigongwa, na mimi nimekaa jikoni. Nilimwambia baba nataka kuirudisha bunduki polisi.

Alikuwa akiota jua nje ya jiko. Akasema, "Zipo zenye komeo kushoto."

"Bunduki?"

"Nyikani, zamani, nilimwongoza mgeni mmoja, mwindaji. Yake ilikuwa hivyo. Tulimcheka sana, mimi na wabeba mizigo. Lakini alikuwa akipiga haraka kuliko wote."

"Baba, wakati wote huu ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Aliisogeza fimbo yake kutoka goti hili kwenda lile. "Ningeanzaje, mwanangu? Niende dukani niseme, nataka bunduki ya mashoto, ni ya binti yangu? Watu wangesema ndivyo nilivyokulea."

Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilimwelewa. Hata mimi nisingeweza kusema.

Jirani alipoanza kutembea kwa mkongojo, ndipo tulipokwenda Tanga, mimi na baba, kwenye duka la silaha. Baba alivaa koti lake la kanisani. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani aliyoipandisha juu ya paji la uso, mpole. Alimwamkia baba vizuri, akatuletea viti.

"Tunatafuta bunduki ya komeo, ya mtu wa mashoto," baba alisema. Kisha akaongeza haraka, "Ni ya mgeni wetu. Sisi tumetumwa tu."

Niliinamisha kichwa. Sakafu ya duka lile ilikuwa ya vigae vyeupe vyenye madoa ya kijivu. Naikumbuka vizuri kuliko uso wa muuzaji.

"Mgeni mwenyewe yuko wapi, mzee? Bunduki ni kama kiatu. Hununui kwa kusimuliwa."

"Hakuweza kuja."

"Ana kimo gani? Mikono yake mirefu?"

Baba alikohoa. "Ana kimo... kama cha huyu."

Muuzaji alinitazama, akatazama kibali nilichokuwa nimekiweka mezani chenye jina langu na picha yangu, akaelewa. Ninamshukuru mpaka leo kwamba hakucheka. Alisema tu, "Basi dada atusaidie kupima kwa niaba ya mgeni," akaingia chumba cha ndani.

Alitoka na mbili, akasema za namna hiyo haziingii mara kwa mara. Moja ilikuwa ndefu, kitako cha mti mweusi uliong'arishwa, na komeo lake jeusi vilevile. Nyingine ilikuwa fupi, kitako cha plastiki ya kijani iliyofifia, na komeo la chuma cheupe linalometameta kama kijiko kipya.

Baba aliipapasa ile ndefu kuanzia kitakoni hadi mwisho wa mtutu. "Hii ni bunduki," alisema. "Mti mzuri. Inafika mbali. Hata pofu inamwangusha."

"Mgeni anawinda nini hasa?" muuzaji akaniuliza mimi.

"Nguruwe," nilisema, na sauti ikatoka ndogo. "Mlimani. Kwenye magugu na ukungu. Siku akipata kibali cha nyikani, na pofu pia."

Niliiinua ile ndefu. Ilikuwa nzito mbele. Nilipoiweka begani mtutu ulishuka, nikaona jinsi ambavyo ningeipandisha makorongo yetu huku ikinigonga visigino. Nikachukua ile fupi. Kitako kilikaa begani bila kutafutwa. Jicho langu la kushoto likakuta mahali pake. Muuzaji akaniambia nivute komeo. Niliinua kishikio kwa mkono wa kushoto, nyuma, mbele, na bunduki haikutoka begani. Nilifanya tena. Nilifanya mara nyingi kuliko inavyohitajika kupima kitu. Mwili wangu ulifurahi na mimi nikauonea aibu kwa kufurahi hadharani namna ile, mbele ya baba.

"Hii," nikasema.

Baba alinisogelea, akaninong'oneza kwa Kishambaa. Chukua ile nyeusi, alisema. Komeo lake halionekani. Hilo jeupe mtu akiwa mlima wa pili ataliona liko upande gani.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa akiupenda mti tu.

"Baba, hiyo ndefu itanichelewesha," nilimjibu, pia kwa Kishambaa. "Nikichelewa mtu ataumia tena."

Alirudi kwenye kiti chake. Muuzaji alipouliza kama tumekubaliana, baba alisema, "Mgeni amechagua," akatoka nje, akasimama juani mpaka nilipomaliza.

Nguruwe walirudi mahindi yalipokuwa yakianza kukomaa. Safari hii aliyekuja kuniita alikuwa jirani mwenyewe, na mguu wake ukivuta. "Dada, njoo," alisema. "Nitasimama nyuma yako, si mbele." Tulicheka wote wawili, kicheko kifupi. Asubuhi ile nilipiga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, na jike kubwa likaanguka kabla halijavuka mfereji. Vijana wakashangilia. Kisha walikuja kuitazama bunduki, na mmoja wao akasema, "Kumbe zipo za watu kama hawa!" Hakuwa na nia mbaya. Mikono yangu ilitaka kulifunika lile komeo jeupe kwa upindo wa kanga, na ikalifunika.

Jirani aliniona. Siku hiyo hiyo mkewe alileta sinia la maharage mapya. Nilipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikiwa nimeuweka chini ya kiwiko kwa heshima. Wifi naye akautazama ule wa kushoto, akasema, "Ahsante kwa asubuhi," akaondoka upesi.

Baba hakuja shambani siku hiyo, ila alisikia. Nilipokuwa nikisafisha bunduki nje ya jiko alikuja kuketi karibu nami.

"Milio miwili," alisema.

"Miwili, baba."

"Karibukaribu." Akanyoosha mikono. "Hebu."

Nilihakikisha haina risasi, nikampa. Aliiweka bega lake la kulia, kwa mazoea ya miaka yake yote, akapeleka mkono wa kulia kutafuta kishikio. Mkono ukagusa chuma kitupu. Ukapapasa juu, ukapapasa chini. Akakumbuka, akaiteremsha, akavusha mkono juu ya bunduki, akavuta, ikagoma nusu njia, akavuta tena. Yule ni mtu niliyemwona akibadili risasi huku akizungumza na watu.

Nilipaswa kumwacha ajaribu mpaka achoke. Sikuweza kutazama. Nilijisikia kama niliyemkuta mzee akivaa nguo, nikainamia kitambaa cha mafuta nikajifanya natafuta kitu chini.

"Imekaa kinyume," alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

Alinirudishia. Nilikuwa na kitambaa mkono wa kulia, kwa hiyo niliipokea kwa ule mwingine, naye akaiachia.