Siku Odile Aliposimama Bungeni kwa Ajili ya Ziwa Tabor

Odile Gagnon hakuwahi kuota kuwa mwanasiasa. Alikuwa dereva wa basi la shule huko Corbin Falls, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, Marekani, na kazi hiyo ilimtosha. Lakini bunge la jimbo lile lina viti vingi kuliko watu wenye hamu ya kuvikalia, na posho yake ya mwaka mzima haitoshi hata kubadilisha matairi ya gari. Mwaka ambao hakujitokeza mgombea hata mmoja, majirani walimwendea na keki, na keki ilipoisha alikuwa ameshakubali.

Kwa miaka mitatu alikaa kwenye kiti chake kule Concord, makao makuu ya jimbo, bila kufungua kinywa, ila kupiga miayo. Alipiga kura, alifuma soksi, alirudi nyumbani. Alisafiri na Wendell Pike, mjumbe wa mji wa jirani na mkata magogo mstaafu. Wendell alikuwa wa chama pinzani, lakini safari ni ndefu na petroli haina chama. Wendell ndiye aliyeendesha, na Odile, ambaye hajazoea kuendeshwa, alikanyaga breki isiyokuwepo kila walipofika kwenye kona.

Ndipo ulipokuja muswada wa Ziwa Tabor.

Ziwa lile na msitu wake vilikuwa mali ya kampuni ya karatasi tangu enzi za babu zao. Kiwanda kilipofungwa, jimbo likainunua ardhi yote, kisha likabaki linajikuna kichwa. Je, ifanywe hifadhi ya jimbo, watu waje kupiga mahema na kuogelea, au ikodishwe kwa wakata magogo? Corbin Falls ikapasuka katikati kama gogo la kuni. Mwenye duka la chambo na mwenye nyumba ya wageni waliitaka hifadhi tangu jana. Wawindaji hawakutaka hata kuisikia, na aliyepiga kelele kuwashinda wote alikuwa Armand, mume wa Odile.

“Nimewinda kulungu kule tangu sijaota ndevu,” alimwambia mkewe wakiwa mezani. “Leo nikalipe kiingilio getini?”

“Hakuna aliyesema utalipa.”

“Hawajasema bado. Wewe wape mwaka mmoja.”

Odile alilibeba swali la kiingilio mpaka Concord. Hata huko, kwenye kamati iliyouchambua muswada, halikujibiwa. Mjumbe mmoja wa kusini aliusifu msitu ule kuwa haujapata kuguswa na mkono wa binadamu, na Wendell akacheka mpaka akapaliwa, kwa kuwa aliukata mwenyewe, tena mara mbili. Walipokuwa wanarudi alimwambia Odile waziwazi kwamba atapiga kura ya hapana. Mti, alisema, unaoza ukiachwa utazamwe tu.

“Na mimi nikipiga ndiyo?” Odile akauliza.

“Basi kura zetu zitafutana. Heri tungebaki nyumbani sote wawili, mama, tukaokoa petroli.”

Kamati iliongeza kifungu: uwindaji uendelee kama zamani, pikipiki za theluji ziruhusiwe, na wakazi wa miji inayopakana na ziwa waingie bure. Odile alikimbia nacho nyumbani kama aliyebeba mkate wa moto. Armand akakisoma, akavua miwani, akasema karatasi hukubali kuandikwa chochote.

Siku ya mjadala theluji ilianguka tangu alfajiri. Hotuba zilifuatana, nyingine ndefu kama Kwaresima, na soksi ya Odile ikawa inakaribia kisigino. Kisha akasimama bwana mmoja mwenye sauti nzuri. Alisema watu wa kaskazini hawahitaji hifadhi, kwani ardhi ile imekuwa yao siku zote, huru, wakiingia na kutoka wapendavyo. Kwa nini serikali iwapokonye? Wajumbe wengi wakampigia makofi, Wendell miongoni mwao.

Odile aligundua kwamba sindano zake zimesimama. Aliomba nafasi ya kusema, na Spika, ambaye hakuwahi kumsikia, akamtafuta kwanza kwa macho. Odile akajikaza kisabuni, akatembea mpaka mbele.

“Mheshimiwa Spika,” alisema, “ardhi ile haijawahi kuwa yetu. Tulikuwa tunaiba.”

Odile akawaeleza jinsi walivyoogelea utotoni hadi mlinzi wa kampuni alipopuliza filimbi, wakatimua mbio na nguo kwapani. Akawakumbusha mwaka wa mgomo wa kiwandani, kampuni ilipofunga njia zote kwa minyororo na hakuna aliyekula nyama ya kulungu majira yale ya baridi.

“Mume wangu alinichumbia katikati ya ziwa, kwenye mtumbwi,” akaendelea. “Mlinzi akatufokea kutoka ufukweni. Armand akasimama ili amjibu, na waheshimiwa mnajua kinachompata mtu anayesimama kwenye mtumbwi. Nilimkubali tukiwa tunaelea, meno yanagongana.”

Kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Odile akangoja kiishe.

“Uhuru wetu ulitegemea uvivu wa mlinzi, basi. Mimi ningependa kuogelea pale mara moja, kabla sijafa, bila kugeuka nyuma.”

Muswada ukapita kwa tofauti ya kura chache. Wendell alipiga hapana, kama alivyoahidi.

“Ile minyororo nilikuwa nimeisahau,” alisema wakiwa njiani kurudi nyumbani.

“Sasa mbona umepiga hapana?”

“Niliwaahidi watu wangu. Halafu miti ile, Odile! Ungeiona inavyoanguka.”

Odile akacheka. Wendell akasimamisha gari kwenye mgahawa, akamnunulia pai ya tofaa ili mambo yaishe.

Nyumbani alimkuta Armand jikoni, bado na koti mwilini. Alikuwa ameapa kutoutazama mjadala, kisha akautazama katika kituo cha zimamoto pamoja na nusu ya mji.

“Umewaambia watu mia nne kwamba nilianguka majini,” alisema.

“Nilisema ulisimama. Kuanguka wamemalizia wenyewe.”

“Kule kituoni sasa wananiita Kapteni.” Alijaribu kukunja uso, lakini mdomo ulimsaliti. Akampakulia mkewe supu, akakaa mbele yake. “Hicho kifungu cha majirani kuingia bure. Wakikifuta?”

“Nitasimama tena.”

Armand akaitikia kwa kichwa taratibu, akamsogezea mkate.

Baraza la juu likaupitisha muswada, gavana akautia saini, na majira ya joto yaliyofuata hifadhi ikafunguliwa. Nyumba ya wageni ikajaa. Mkuu wa hifadhi alitaka mkazi wa kuwasemea wawindaji kwenye kamati ya ushauri, akaelekezwa kwa mtu aliyelalamika kuliko wote. Siku hizi Armand anachana nywele kabla ya kikao, na anaporudi anamsimulia mkewe neno kwa neno nani aliunga mkono hoja na nani aliipinga. Odile humsikiliza mpaka chai ipoe. Kisha humwambia kwamba siasa zimemharibu, na humwuliza kikao kijacho ni lini, ili ajue siku ya kupika mapema.